Shamba Lililoachiwa Ndege

Kabla jua halijachomoza, Waridi alikuwa ameshapanda dunguni. Dungu lao lilikuwa jukwaa la fito juu ya miti minne, lenye paa dogo la nyasi. Kutoka pale aliliona shamba lote la mpunga la mama yake, na mbele yake matete ya kando ya Mto Lumemo, ambamo ndege walilala. Alipanga madongo yake ya udongo mkavu, akakagua kombeo lake, kisha akavuta kamba ndefu iliyofungwa madebe matupu. Madebe yakalia kwa kishindo upande wa pili wa shamba.

"Haya, njooni basi," alisema peke yake.

Ilikuwa mwezi wa Mei, miaka ile Waingereza walipokuwa bado wanatawala Tanganyika. Msimu huo watu wengi wa Ifakara walihamia mashambani. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza punje, na kwelea kwelea hupenda punje changa kuliko kitu kingine chochote. Ndege hao ni wadogo mno. Mmoja hajai hata kiganjani, lakini likija kundi zima, utadhani wingu limeshuka kula chakula chako. Watu wazima walikuwa na kazi ya kuvua samaki, kusuka majamvi na kutengeneza maghala. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kazi ya ndege waliachiwa watoto.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kundi likitua shambani, mtu mmoja hawezi kuliinua. Akilifukuza upande huu, linaruka kidogo na kutua upande ule wa shamba lilelile. Kwa hiyo mwenye shamba aliita majirani zake kwa majina. Majirani walishuka kutoka katika madungu yao, wakasimama mipakani na kupiga kelele wote kwa pamoja, mpaka kundi likate tamaa na kuvuka mto. Hakuna aliyeuliza ni shamba la nani.

Majirani wa Waridi walikuwa wawili. Upande wa mtoni alikuwapo Ponsiano, mvulana wa miaka kumi na mitatu, hodari wa kombeo na hodari zaidi wa maneno. Upande wa pili alikuwapo Natalia, aliyeishi na bibi yake. Waridi mwenyewe alikuwa mgeni pale. Baba yake, Seifu, alikuwa Mwarabu mwenye duka mjini Ifakara. Mama yake alikuwa Mndamba, mzaliwa wa bonde hilohilo. Baba alipofariki, ndugu zake walilichukua duka. Mmoja wao, Ami Nasoro, alimwambia mama bila kumung'unya maneno, "Wewe rudi kwenu. Mtoto tutamchukua, atasaidia jikoni."

Waridi aliijua vizuri kazi ya jikoni kwa Ami Nasoro, maana tangu msiba walikuwa wakikaa kwake. Binamu zake walikula sebuleni, yeye alikula na watumishi. Wao walisoma, yeye aliosha masufuria. Mama alimshika mkono, wakaondoka wote wawili kwenda kwa kaka yake, Mjomba Nikodemu.

Mjomba Nikodemu aliwapokea, lakini hakuwa mtu wa maneno matamu. "Dada, nina watoto wengi," alisema. "Nakupa shamba moja. Ukivuna chakula cha mwaka, shamba ni lako, na huyu binti atakaa nawe na kusoma hapahapa. Ukishindwa, nitampa mtu mwingine shamba, naye Waridi aende kwa ami zake. Siwezi kuwalisha nyote."

Basi Waridi hakuwa akilinda mpunga tu. Alikuwa akilinda nafasi yake ya kuishi na mama na kurudi shuleni.

Jua lilipotokeza, kundi la kwanza lilitoka kwenye matete, likapita juu ya shamba la Ponsiano na kutua katikati ya mpunga wa Waridi. Waridi alivuta kamba, akaruka chini na kukimbia huku akizungusha kombeo.

"Ponsianooo! Nataliaaa!" aliita. "Wametua kwangu!"

Hakuna aliyejibu. Alidhani hawakusikia, akaita tena kwa nguvu zaidi. Alipoinua macho alimwona Ponsiano ameketi dunguni kwake, miguu ikining'inia, anatafuna kipande cha muwa.

"Ponsiano! Huwaoni?"

"Nawaona!" Ponsiano alijibu. "Mwite ami yako aje na bunduki! Waarabu si wana bunduki? Sisi tuna madongo tu, Mwarabu koko!"

Waridi alihisi uso unamwaka moto. Mjini aliitwa mtoto wa shamba. Hapa shambani anaitwa Mwarabu koko. Aligeuka kumtazama Natalia. Natalia alikuwa amesimama dunguni kwake, kombeo mkononi, lakini alimtazama kwanza Ponsiano, kisha akaketi.

Waridi alipiga moyo konde. Alikimbia mpaka huu, akakimbia mpaka ule, akirusha madongo na kupiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kila mara kundi liliinuka kidogo na kutua tena. Liliondoka liliposhiba, na kona nzima ya shamba ikabaki masuke matupu.

Mchana, Natalia alimfuata Ponsiano kisimani. "Tumemfanyia vibaya," alisema. "Mama yake ana homa, hawezi hata kusimama."

"Wewe huna akili," Ponsiano alisema. "Fikiri. Ndege wakishiba kule kwake, watakuja kufanya nini kwetu? Acha wamalize njaa kwa huyo Mwarabu. Mpunga wetu utapona bila kuchoka mikono."

Natalia aliona hesabu hiyo ina kasoro mahali fulani, lakini hakuijua kasoro yenyewe. Tena alimwogopa Ponsiano na ulimi wake. Akajitwika mtungi, akaenda zake.

Jioni Waridi alimpikia mama uji. Mama alikuwa amelala kibandani, amejifunika kaniki, anatetemeka. Alipoona viganja vya binti yake vimechubuka, aliuliza kuna nini. Waridi alimweleza yote.

Mama alivishika viganja vile. "Baba yake Ponsiano, Dionisi, yuko kwenye uvuvi," alisema. "Akirudi nitazungumza naye, hata kama itabidi nitambae. Mpaka hapo, mwanangu, utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Wakikutukana usiwatukane. Si kwa sababu huna mdomo. Ni kwa sababu pumzi yako inahitajika kwa ndege."

Waridi alicheka, na mama naye akacheka, ingawa meno yalikuwa yakigongana kwa homa.

Kesho yake Waridi alikata matete, akayachomeka kila mahali na kutundika juu yake vipande vya gunia. Alifunga kamba nyingine tatu za madebe. Ndege walipokuja, alivuta kamba hii, akakimbilia ile. Hata hivyo walikuwa wengi kuliko jana. Kundi lililoshiba lilikuwa limerudi na makundi mengine. Siku iliyofuata wakazidi. Ndege ni ndege, mahali alipokula kwa raha ndipo anaporudi, tena na jamaa zake wote. Waridi alilia kwa hasira, akajifuta machozi na kuendelea kukimbia. Kona ya kwanza ilikuwa imekwisha, sasa ya pili ikaanza kwenda.

Asubuhi ya nne, shamba la Waridi halikuwatosha tena. Kundi lilifunika mashamba, likazunguka mara moja na kutua kwa Ponsiano.

Ponsiano alipiga mluzi na kuzungusha kombeo. Ndege waliruka, wakatua upande wa pili. Alikimbilia upande wa pili, wakarudi upande wa kwanza. "Natalia!" aliita. "Nataliaaa!" Natalia alikuwa mbali, na shamba la Waridi lilikuwa katikati yao. Ponsiano alisikia masuke ya baba yake yakikatwa, sauti ndogondogo kama mvua ya rasharasha. Hapo hofu ilimshika. Baba alikuwa amemwachia shamba lile yeye peke yake, kwa kuwa mama yake alikuwa amejifungua na yuko mjini na mtoto mchanga.

Waridi aliyaona yote hayo kutoka dunguni. Kwa kitambo kidogo moyo wake ulifurahi, wala si ajabu. Kisha alitazama vizuri. Ndege wale, wakimaliza pale, mpaka mmoja tu uliwatenganisha na mpunga wake. Na mipaka mitatu ilikuwa wazi, haina mtu.

Akashuka na kukimbia.

"Natalia!" aliita huku anakimbia. "Shika mpaka wa njiani! Mimi nashika wa mtoni!"

Safari hii Natalia hakumtazama mtu yeyote usoni. Aliruka chini na kufuata. Ponsiano alipomwona Waridi anaingia shambani kwao, alibaki mdomo wazi.

"Umekuja kunisaidia?" aliuliza.

"Sijaja kukusaidia wewe!" Waridi alijibu. "Nimekuja kufukuza ndege. Acha kunikodolea macho, simama pale kwenye kichuguu upige kelele!"

Ponsiano alisimama kwenye kichuguu akapiga kelele. Watoto watatu walirusha madongo kutoka pande tatu, sauti zao zikakutana. Kundi lilipanda, likataka kutua, likakuta dongo. Likapanda tena, likaelekea mtoni. Waridi alirusha dongo la mwisho, na kamba ya kombeo ikamkata kiganja palepale palipokuwa pamechubuka. Damu ikamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Huyu binti ni wa nani?" sauti nzito iliuliza nyuma yao.

Alikuwa Dionisi, baba yake Ponsiano, ametoka kwenye uvuvi na tenga la samaki begani. Watoto wote wakamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Dionisi aliweka tenga chini na kuutazama mkono wa Waridi. Kisha akatazama ng'ambo ya mpaka, kwenye kona zilizobaki mabua matupu. "Shamba lile limeliwa namna ile, na majirani mpo? Mlikuwa wapi?"

Ponsiano alitazama miguu yake. Aliyesema ni Natalia. "Tulikuwapo, Baba Ponsiano. Aliita, tukakataa kwenda. Tulisema yeye ni Mwarabu. Tulisema wakishiba kwake hawatakuja kwetu."

"Nani alisema?"

"Mimi," Ponsiano alijibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa amebanwa, akainua kichwa. "Lakini baba, wewe mwenyewe ulisema! Ulisema babu zetu walikamatwa humu bondeni na Waarabu, wakafungwa minyororo na kuuzwa. Ulisema mara ngapi?"

Dionisi alikuwa mtu mkubwa mwenye mabega mapana, lakini wakati ule alionekana amepungua. Alichana kipande cha shuka lake, akamfunga Waridi kiganja.

"Mama yako yuko wapi, binti?" aliuliza.

"Anaumwa, baba. Yuko kibandani."

"Jioni tutakuja kumwona. Sasa, nyote watatu, kila mtu dunguni kwake. Na mimi nitakaa dunguni kwako, binti, mpaka mkono upoe. Nikiita, nataka nisikie mnaitika."

Siku ile aliita mara nyingi, nao waliitika kila mara.

Jioni Dionisi alikwenda kwa mama Waridi na samaki wawili wakubwa. Ponsiano alimfuata nyuma, mwendo wa mtu anayepelekwa kuchomwa sindano. Natalia alikuja na bibi yake. Homa ya mama ilikuwa imeshuka kidogo, akaketi na kuegemea nguzo ya kibanda.

"Mama Waridi," Dionisi alianza, "nimekuja kuomba radhi. Mwanangu amekukosea, na maneno aliyoyatumia aliyapata kwangu." Akamgeukia Ponsiano. "Niliyokuambia juu ya babu zetu ni kweli. Minyororo ilikuwapo, wala sitakuambia usahau. Lakini nilikueleza nusu. Sasa sikiliza nusu ya pili.

"Ulipokuwa mdogo tulikaa ng'ambo ya mto mkubwa. Mama yako alipata uchungu wa uzazi, ukawa mbaya. Tulimbeba kwa machela mpaka kwenye pantoni, tuvuke kumpeleka hospitali. Likaja gari la Mzungu. Mwenye pantoni akaniambia, 'Wewe subiri, Bwana avuke kwanza.' Pantoni iliporudi, lilikuwa limefika lori la Mhindi. Akaniambia, 'Subiri tena, wewe ni wa mwisho.' Sikuwa wa mwisho, Ponsiano. Nilifika wa kwanza. Alinitazama ngozi tu, akajua mahali pa kuniweka. Tulivuka jua linazama. Mama yako alipona. Mdogo wako hakupona."

Ponsiano hakuwa amewahi kusikia habari hizo. Macho yalimjaa machozi. "Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Kwa sababu inauma. Ila sasa naona nilipaswa kukuambia. Tunawekwa nyuma kwa sababu ya rangi, tunaumia, kisha tunatafuta mtoto wa kumweka nyuma yetu. Huyu Waridi amemfunga nani mnyororo? Aliita majirani, basi. Mtu akiita shambani, swali ni ndege wako wapi. Kabila lake na rangi yake vinakuhusu nini? Ukianza kuchagua wa kumwitikia, umefanya kazi ya yule mwenye pantoni."

Ponsiano alisogea mbele ya mama Waridi, akapiga magoti. "Nisamehe, mama." Akamgeukia Waridi. "Nisamehe na wewe. Sitakuita tena lile jina."

"Mimi pia," alisema Natalia. "Sikutukana, lakini niliketi."

Waridi alifikiri kabla ya kujibu. Hakutaka kusema uongo. "Bado nina hasira," alisema. "Lakini kesho nikiita, mje. Na mkiniita nitakuja."

"Hilo latosha," alisema mama.

Kuanzia siku hiyo madungu matatu yalikuwa na sauti moja. Ilichukua muda, maana ndege walikuwa wamezoea kula pale, na watoto walilala kila jioni mikono ikiwauma. Mwishowe kundi likahama. Mpunga uliobaki ukakomaa na kuinamisha vichwa. Mama Waridi alipona, akashika kisu na kuvuna pamoja na binti yake.

Mjomba Nikodemu alikuja siku ya kupura. Alilizunguka shamba polepole, mikono nyuma, akasimama kwenye zile kona mbili zilizoliwa. Alirudi na kutazama lundo la mpunga lililokuwa juu ya jamvi.

"Dada," alisema, "umejitahidi. Lakini hiki si chakula cha mwaka. Naona kinapungua."

Kabla mama hajajibu, Ponsiano alitokea njiani na baba yake, kila mmoja amejitwika kikapu cha mpunga. Wakavimwaga vikapu vyao juu ya lundo, wakaondoka, wakarudi na vingine. Natalia naye alileta ungo wake, amejaza mpaka pomoni.

"Dionisi, sitaki sadaka," alisema mama Waridi.

"Wala hujaletewa sadaka," Dionisi alijibu. Akamsalimu Nikodemu kwa mkono. "Ndugu yangu, zile kona mbili hazikuliwa na ndege. Zililiwa na mwanangu. Tunarudisha. Na mwakani usiulize kama shamba hili lina walinzi. Walinzi wake ni sisi."

Mjomba Nikodemu aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Alichota mpunga mkononi na kuuacha umwagike tena jamvini. "Basi, sasa kinatosha," alisema. "Dada, shamba ni lako." Kisha akamgeukia Waridi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Jana nilionana na ami yako Nasoro mjini. Ameuliza utakwenda lini kwake. Nimwambieje?"

Waridi aliupangusa mkono wake wenye makapi. Kovu la kombeo lilikuwa bado jekundu.

"Mwambie nampa shikamoo yake, mjomba, na sikukuu nitakwenda kumsalimu, maana ni ndugu wa baba yangu," alisema. "Lakini jikoni kwake siendi. Mwambie mimi nina shamba, nina shule, na nina majirani."